Alamu ya gari: kuichagua, kuifunga na kuifanya isilie ovyo usiku

Alamu inayolia kila usiku pasipo mwizi haina faida. Majirani wameshaizoea, na mwenye gari mwenyewe huizima kwa rimoti bila hata kuchungulia dirishani. Mara nyingi kifaa hakina kosa lolote. Kosa ni waya wa mlango uliounganishwa pasipofaa, sensa iliyobandikwa kwenye plastiki, au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) iliyofungwa juu ya rangi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyaya kuliko majina ya alamu.

Gari tunalolichukulia kama mfano ni lile lililojaa barabarani kwetu: Toyota ya petroli iliyotoka Japani ikiwa imetumika, umeme wa volti 12, funguo ya kuzungusha. IST, Vitz, Probox, Premio na Noah za zamani zote zinafanana kwa kanuni. Gari la kuwasha kwa kitufe, au la miaka ya karibuni ambalo milango na taa zake huwasiliana kwa mtandao wa data badala ya waya mmoja mmoja, ni kazi nyingine. Hilo linahitaji moduli yake maalumu, na fundi rewaya (fundi umeme wa magari) anayekata nyaya zake kwa kubahatisha anaweza kukuachia taa za onyo dashibodi nzima.

Unalinda nini?

Jiulize kwanza mwizi wa mtaani kwako anachukua nini. Kama anang'oa vioo vya pembeni, taa za nyuma au nembo, alamu ya kawaida itakusaidia kidogo tu, kwa sababu mkono mwepesi hung'oa kioo cha pembeni bila kutikisa bodi kiasi cha kuamsha sensa. Huko dawa ni kukifunga kwa riveti na kuchonga namba za gari juu yake. Kama anafungua mlango achukue redio, swichi za vioo, begi au kontroboksi (kompyuta) ya injini, hapo alamu ina kazi. Kama anaondoka na gari zima, king'ora pekee hakitoshi. Unahitaji mkato wa stata, yaani kukata umeme wa mota inayowasha injini, na ikiwezekana kifaa cha kufuatilia gari kilichofichwa mbali na alamu yenyewe, chenye waya wake wa moto (wa chanya) na fyuzi yake.

Alamu za njia moja, ambazo rimoti hutuma amri tu, ndizo rahisi kupatikana na kufunga. Zinamfaa anayelaza gari chini ya dirisha lake. Anayeishi ghorofa ya nne na gari liko uani upande wa pili atafute ya njia mbili: rimoti yake ina kioo kidogo na hulia mfukoni alamu inapoamshwa. Zile zinazopiga simu au kutuma ujumbe zinahitaji laini yenye salio, na hapo ndipo zinapofia. Mtu huweka laini, huisahau, mtandao huifunga kwa kutotumika, na alamu hubaki bubu bila mwenyewe kujua.

Jambo muhimu zaidi kwenye rimoti ni msimbo. Alamu za bei ya chini kabisa hutumia msimbo usiobadilika, wa chipu kama EV1527 au PT2262. Kila ukibonyeza, namba ileile inapita hewani, na mtu mwenye kifaa cha kunasa anaweza kuirudia baadaye. Alamu nzuri hutumia msimbo unaobadilika kila mbonyezo. Kipimo cha haraka ni hiki: peleka rimoti kwa wale wanaonakili rimoti za mageti. Ikinakiliwa kwa dakika moja na alamu ikaitii nakala, msimbo wako haubadiliki. Fanya jaribio hilo kwa rimoti ya kuonyeshea dukani, kabla hujalipa.

Angalia volti pia. Fuso na malori mengi ni volti 24, na alamu ya volti 12 humo huungua mara moja.

Usilipe kabla hujafungua boksi. Ndani yake panapaswa kuwa na boksi kuu la alamu, rimoti 2, king'ora, sensa ya mtikisiko, taa ndogo ya kumetameta, kitufe cha siri cha kuzimia alamu bila rimoti, swichi ya boneti, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kukata stata na soketi za nyaya. Muhimu kuliko vyote ni karatasi ya mchoro wa nyaya. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya alamu na alamu hata zinapofanana sura, kwa hiyo boksi lisilo na karatasi lirudishe, hata muuzaji akikuapia kwamba kila fundi anaijua. Iwe Gerezani, Kariakoo au Kirinyaga Road, anayekataa kukufungulia boksi amekwisha kukujibu.

Vifaa vya kazi

Utahitaji multimita ya namba, bisibisi ya nyota na bapa, spana namba 10 na 12, plaizi ya kukatia, kisu, pasi ya kulehemu ya wati 40 na risasi yake, na taa ya kuvaa kichwani. Nunua mita 3 za waya wa milimita za mraba 2.5 kwa ajili ya stata, na mita 10 za milimita 1 kwa king'ora na nyinginezo. Ongeza dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) 1N4007 sita, fyuzi za ampea 10 na 15 pamoja na vishikizo vyake, vichwa vya pete 2 vya kufungia ethi, mipira ya kusinyaa kwa joto, na mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya kama 30. Tepu chukua ya kitambaa. Ile ya plastiki inayong'aa huyeyuka gundi kwenye joto la kabini, na baada ya mwaka utaikuta imejifungua na kuacha shaba wazi.

Usitumie taa ya kupimia yenye balbu. Balbu huvuta umeme wa kutosha kusumbua kontroboksi, na ukigusa nayo waya wa mfuko wa hewa unaweza kuulipua. Katika Toyota nyaya na soketi za mifuko ya hewa huwa za rangi ya njano. Hizo usizikate, usizipime, usizifungue.

Kama hujawahi kufanya kazi hii, tenga siku nzima. Anza asubuhi.

Kufungua na kuitafuta kila waya

Kabla ya lolote, jaribu gari lilivyo: indiketa zote, taa ya dari kwa kila mlango, sentro loki (kufunga milango yote kwa umeme), honi. Andika kilicho kibovu. Taa ya dari isiyowaka mlango wa nyuma ukifunguliwa ina maana swichi ya mlango huo imekufa, na alamu nayo haitauona mlango huo kamwe.

Teremsha kioo cha dereva, weka funguo mfukoni, usiiache ndani ya gari. Fungua ethi ya betri kwa spana namba 10, subiri angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki wa mifuko ya hewa uishe, kisha fungua plastiki ya chini ya usukani na ile ya kukanyagia pembeni mwa mlango. Zikiwa wazi, rudisha ethi ya betri ili upime.

Nenda kwenye shina la nyaya nene linalotoka nyuma ya swichi ya funguo. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye chuma tupu, na kwa ncha nyekundu choma nyaya moja moja ukizungusha funguo. Waya wenye volti 12 na nusu hivi hata funguo ikiwa imetolewa ni moto wa kudumu. Unaopata moto kwenye hatua ya kwanza na kuupoteza stata inapozunguka ni wa aksesori. Unaopata moto kwenye hatua ya pili na kubaki nao hata stata ikizunguka ni wa ignisheni. Unaopata moto wakati wa stata tu, na kurudi sifuri ukiachia funguo, huo ndio wa stata. Magari mengi yana nyaya mbili za ignisheni, usishtuke. Bandika kipande cha tepu chenye jina kwenye kila waya ulioutambua. Usifuate rangi ulizoambiwa kwa gari lingine, hata likiwa la jina lilelile.

Indiketa zitafute kwenye soketi ya swichi yake chini ya usukani. Washa ya kushoto. Waya wake utarukaruka kati ya sifuri na 12. Fanya vivyo hivyo kwa ya kulia.

Waya wa milango unahitaji akili kidogo zaidi. Katika Toyota swichi ya mlango huunganisha waya na bodi mlango ukifunguliwa. Yaani hutoa ethi, si moto. Hivyo geuza upimaji: ncha nyekundu weka kwenye moto wa kudumu, nyeusi choma waya. Mlango ukifunguliwa usome 12, ukifungwa ushuke. Jaribu mmoja mmoja: waya mzuri ni ule unaoitikia milango yote minne. Kama kila mlango una waya wake peke yake, unganisha kila waya kupitia dayodi yake, upande wa mstari mweupe ukielekea kwenye swichi ya mlango. Ukizifunga pamoja bila dayodi, mlango mmoja utaiambia gari kwamba yote imefunguka.

Hapa pana kosa linalozalisha malalamiko mengi. Fundi mwenye haraka huchukua waya wa taa ya dari badala ya waya wa swichi. Kwenye gari ambalo taa hiyo huzimika polepole, waya ule unaendelea kuonyesha mlango wazi sekunde kadhaa baada ya kufunga. Mwenye gari hubonyeza rimoti, huondoka, na alamu hulia kabla hajafika mlango wa nyumba.

Mahali pa boksi kuu

Lifiche juu, nyuma ya dashibodi, mbali na pedali, mhimili wa usukani na mabomba ya hita. Wezi wanajua kwamba mafundi wengi huliacha likining'inia chini ya usukani. Kulichomoa huko ni kazi ya sekunde chache. Soketi zielekee chini, ili maji yakipenya kwenye kioo cha mbele wakati wa masika yatiririke nje. Lifunge kwa mikanda kwenye chuma. Gundi ya pande mbili haistahimili gari lililoegeshwa juani mchana kutwa.

Waya wa antena uache umenyooka, mbali na chuma. Alamu nyingi hufanya kazi kwenye megahezi 433.92, na robo ya wimbi lake ni kama sentimita 17. Urefu wa antena haukupangwa ovyo, kwa hiyo usiukate, usiuongeze na usiuzungushe kama chemchemi ili upate nafasi.

Kuunganisha

Toa tena ethi ya betri. Kwa kila kiungo, menya sentimita 2 za ganda la waya wa gari bila kuukata, zungushia waya wa alamu, lehemu kwa risasi, funika kwa tepu ya kitambaa. Vibanio vya plastiki vya rangi vinavyobana nyaya mbili bila kumenya vinavutia kwa wepesi wake, lakini hulegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Alamu nyingi zinazofanya kazi leo na kugoma kesho zimefungwa kwa vibanio hivyo.

Ethi iwe ya kwanza. Tafuta boliti ya namba 10 iliyoingia kwenye bodi yenyewe, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kichwa cha pete, paka grisi juu. Boliti iliyoshika plastiki kwenye plastiki haifai hata ikiwa imekaza. Kisha waya wa moto wa kudumu, fyuzi yake ikiwa ndani ya sentimita 20 kutoka unapouchukulia. Fyuzi iliyo mbali hailindi kipande cha waya kilicho kabla yake, na waya huo ndio utakaoshika moto ukikwanguliwa na chuma.

Waya wa ignisheni wa alamu nenda nao kwenye ignisheni ya gari. Nyaya mbili za taa nenda nazo moja kushoto, moja kulia. Usizifunge zote mbili upande mmoja na usizishikanishe. Ukizishikanisha utawasha indiketa ya kushoto na gari litamweka pande zote kama lenye dharura. Kila upande una balbu za wati 21 mbele na nyuma, mara nyingi na ndogo ya pembeni, yaani karibu ampea 4 kwa upande. Waya mwembamba wa redio hautoshi.

Milango: karatasi ya mchoro itaonyesha nyaya mbili za milango, moja inayosubiri ethi na nyingine inayosubiri moto. Kwa Toyota tumia ya ethi. Ya pili iache, uifunike ncha yake. Waya wowote usiotumika uvalishwe mpira wa kusinyaa. Ncha tupu ikigusa bodi itaunguza fyuzi, au mbaya zaidi itaunguza njia ndani ya boksi.

Sentro loki

Alamu nyingi huleta nyaya sita za loki, tatu kwa kufunga na tatu kwa kufungua. Kila tatu ni rilei moja: waya wa kati, waya unaougusa rilei ikiwa imelala, na waya unaougusa rilei ikiamka. Ukielewa hilo, rangi hazitakusumbua.

Kama gari lina sentro loki yake yenye kitufe mlangoni, tafuta nyaya mbili zinazotoka kwenye kitufe hicho. Katika Toyota nyingi kubonyeza huupa waya ethi. Pima kama ulivyopima milango. Kisha: waya wa kati wa rilei ya kufunga uende kwenye waya wa kufunga, wa kati wa pili uende kwenye waya wa kufungua, zile mbili za rilei ikiamka ziende ethi, na mbili za rilei ikiwa imelala ziachwe na kufunikwa. Milango ikifunga pale unapobonyeza kufungua, badilishana nyaya za kati tu.

Kama gari halina loki ya umeme, nunua mota 4: ya dereva yenye nyaya tano, tatu zenye nyaya mbili mbili. Mota huenda mbele au nyuma kwa kugeuziwa moto na ethi, kwa hiyo hapa nyaya za rilei ikiwa imelala ndizo zinaenda ethi, na za rilei ikiamka zinaenda kwenye moto wenye fyuzi ya ampea 15. Fimbo ya mota isimame sambamba na fimbo ya loki ya gari. Ikikaa mshazari itakwama na kuungua baada ya miezi. Muda wa msukumo uwe kati ya nusu sekunde na sekunde moja. Ule mpangilio wa sekunde 3.5 unaotajwa kwenye karatasi ni wa magari yenye loki za hewa kama Mercedes-Benz W124.

Mkato wa stata

Kuna wanaopenda kukata pampu ya mafuta au ignisheni. Tunawashauri wasifanye hivyo. Kiungo kikilegea, injini itazimika gari likiwa linatembea. Hebu fikiria uko kwenye mteremko wa Kitonga, usukani umekuwa mzito na breki imepoteza msaada wake. Stata ikikatwa, la kuudhi zaidi litakalotokea ni gari kukataa kuwaka likiwa limesimama.

Tumia rilei ya ampea 30 au 40 yenye miguu mitano. Kata waya wa stata uliokwisha kuutambua. Ncha inayotoka kwenye funguo nenda nayo mguu wa 30, ncha inayoelekea stata nenda nayo mguu wa 87a, kwa waya wa milimita 2.5. Mguu wa 86 upewe moto wa ignisheni. Mguu wa 85 uende kwenye waya wa alamu unaotoa ethi alamu ikiwa imewashwa. Weka dayodi kati ya 85 na 86, mstari ukielekea 86, kuzuia mruko wa umeme usirudi kwenye boksi.

Kwa mpangilio huu rilei inalala muda wote, na inaamka tu pale mtu anapozungusha funguo alamu ikiwa imewashwa. Haili betri, na boksi likifa siku moja gari bado litawaka. Ubaya wake ni kwamba mwizi akilichomoa boksi, gari litawaka vilevile. Anayetaka ulinzi zaidi hutumia mguu wa 87 badala ya 87a na waya unaotoa ethi alamu ikiwa imezimwa, kama boksi lake linao. Hapo bila boksi hakuna stata. Lakini ujue unachokubali: alamu ikifa porini, gari halitoki. Kwa gari la familia chagua mpangilio wa kwanza, ukafiche boksi vizuri.

Funga nyaya za rilei kwa tepu ya kitambaa sawa na ya kiwandani na uzipitishe ndani ya shina la nyaya zilizokuwapo. Waya mpya unaong'aa humwonyesha mwizi pa kukata.

Kuwasha gari kwa rimoti, kama alamu yako inakuja nako, usikuunganishe kabisa kwenye gari la gia za mkono. Likiwa limeachwa kwenye gia, litaruka mbele.

King'ora, boneti, sensa

King'ora kikae chini ya boneti, mbali na ekzosi, mdomo ukielekea chini ili kisijae maji. Mahali pake pawe pagumu kufikika kutoka chini ya gari. Waya wake upitishe kwenye mpira uliokwisha kuwepo kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini. Choma tundu dogo kwenye mpira, tanguliza waya mgumu, funga waya wa king'ora nyuma yake, vuta. Usitoboe chuma kwa drili bila kujua kilicho upande wa pili.

Swichi ya boneti ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mwizi hufungua boneti, hung'oa waya wa betri, na alamu yote imekwisha. Funga pale boneti inapoigandamiza milimita kadhaa ikishafungwa. Kwa magari ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa paka grisi kila baada ya miezi michache, maana chumvi ya baharini huila upesi kuliko kitu kingine chochote ulichofunga.

Sensa ya mtikisiko ifunge kwa skrubu au mikanda kwenye chuma kigumu karibu na katikati ya gari, kwa mfano mhimili wa chuma ulio nyuma ya dashibodi. Anza na kipimo cha chini kabisa. Washa alamu, subiri dakika moja, kisha piga nguzo ya mlango kwa kiganja. Ongeza kidogo kidogo mpaka pigo la kiganja litoe mlio mfupi wa onyo na pigo la ngumi liamshe king'ora chote. Halafu mwombe jirani apite na bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa. Ikilia, punguza. Na kama unaegesha chini ya mwembe au mnazi, hamisha gari. Hakuna kipimo kitakachotofautisha embe na mwizi.

Taa ndogo ya kumetameta iweke juu ya dashibodi ionekane kutoka nje. Kitufe cha siri kiweke mahali unapoweza kupafikia ukiwa umekaa, lakini jicho lisipaone.

Kujaribu

Rudisha betri. Kaa nje na funguo mkononi, kioo kikiwa chini. Washa alamu, ingiza mkono, fungua mlango kwa ndani: lazima ilie. Rudia kwa kila mlango, buti na boneti. Kisha washa alamu ukiwa ndani, zungusha funguo: stata isizunguke. Mwisho jaribu njia ya dharura: funguo kwenye hatua ya pili, bonyeza kitufe cha siri kama karatasi inavyoelekeza, alamu izime bila rimoti. Kila anayeendesha gari hilo afundishwe hatua hii siku hiyohiyo.

Hasa pima kinachovuja kwenye betri. Toa ethi, weka multimita kwenye ampea 10 kati ya nguzo ya betri na waya wake, funga milango na usubiri nusu saa mifumo ilale. Alamu peke yake hula kama miliampea 10 hadi 25. Gari zima lisizidi 50. Kwa 50, betri ya ampea-saa 45 hupoteza ampea-saa 1.2 kwa siku, yaani nusu yake ndani ya siku kama 19. Usijaribu stata wakati mita iko hapo, utaunguza fyuzi yake.

Ikisumbua baadaye

Ikilia muda mfupi tu baada ya kuiwasha, angalia waya wa milango. Ikilia usiku wa manane, chomoa soketi ya sensa kwa usiku mmoja. Ikinyamaza, tatizo ni sensa. Ikiendelea, chomoa waya wa boneti usiku unaofuata. Betri iliyochoka nayo huleta vituko: iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, na ikishuka chini ya 12 baadhi ya maboksi huanza kujiamsha yenyewe alfajiri.

Rimoti iliyokuwa ikifika mita 30 na sasa inafika mbili, badilisha betri yake kwanza. Nyingi hutumia 27A ya volti 12 au CR2032. Usiichanganye 27A na 23A, volti ni zilezile lakini 23A ni nene na haitaingia. Betri mpya isiposaidia, angalia antena, na ujiulize kama umebandika tinti yenye chembe za chuma hivi karibuni. King'ora kinacholia kwa kukoroma kina ethi yenye kutu.

Gari likikataa stata na taa za dashibodi zinawaka vizuri, rilei ndiyo ya kushukiwa. Ichomoe kwenye soketi yake na uunganishe tundu la 30 na la 87a kwa kipande cha waya mnene. Likiwaka, unaweza kufika nyumbani. Ndiyo sababu mwenye gari lazima ajue rilei imefichwa wapi, hata kama kazi imefanywa na fundi. Mwambie akuchoree kwenye karatasi: boksi liko wapi, rilei iko wapi, fyuzi ya alamu ni ipi na kitufe cha siri kiko upande gani. Karatasi hiyo na rimoti ya pili viweke nyumbani, si kwenye droo ya gari.